Risasi ya Nyati kwa Mwindaji wa Dubai

Risasi ya bunduki ya kuwindia ina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, fataki iliyobanwa kwenye kitako cha ganda, baruti iliyomo ndani, na kichwa kinachochomoka kwenda kwa mnyama. Pini ya bunduki hugonga fataki, fataki huwasha baruti, baruti hugeuka gesi, na gesi hukisukuma kichwa kupita kwenye mtutu. Ndani ya mtutu mna mifereji iliyochongwa kwa mzunguko, na mifereji hiyo ndiyo inayokifanya kichwa kiende kikizunguka bila kupinduka hewani. Chemba ya bunduki hutengenezwa kwa vipimo vya ganda la aina moja, hivyo anayechagua risasi huwa amechagua na bunduki yake. Kosa likifanyika hapo, halirekebishwi porini.

Kwa mwindaji anayeishi Dubai uamuzi huo ni mgumu zaidi, maana nyumbani kwake hakuna mnyama mkubwa wa kujifunzia. Falme za Kiarabu zilibana uwindaji wa ndege na wanyama kwa sheria ya shirikisho namba 9 ya mwaka 1983, na kwa sababu nzuri. Choroa wa Arabia, mnyama mweupe mwenye pembe ndefu zilizonyooka, alitoweka porini mwaka 1972 baada ya kufukuzwa kwa magari na kupigwa kwa bunduki za kisasa katika nyika za Oman. Waliopo leo wametokana na wale waliozalishwa kwenye hifadhi za wanyama. Dubai ina kundi lake ndani ya Hifadhi ya Jangwa, eneo la kilomita za mraba 225, ambalo ni karibu asilimia 5 ya ardhi yote ya Dubai. Hao ni wa kutazamwa tu.

Kilichobaki kwa mpenda silaha wa Dubai ni uwindaji kwa kozi, ambao hauhitaji bunduki, na mashindano ya shabaha. Yanayopendwa sana ni ya saktoni, bunduki ndogo ya kaliba ya .22 ambayo imekuwa sehemu ya utamaduni wa Waarabu wa huko, na ambayo mashindano yake ya Fazza huvuta washiriki wanaume kwa wanawake. Kichwa cha risasi ya saktoni kina uzito wa gramu 2.6 hivi na hutoka mtutuni na nguvu ya jouli 160 tu. Risasi ndogo kabisa inayokubalika kwa nyati wa Tanzania hutoka na jouli 5,700, yaani zaidi ya mara 30. Mtu anaweza kuwa bingwa wa saktoni, akapiga shilingi kwa mita 50, na bado asijue chochote kuhusu kinachomngoja kwenye mapori ya Rungwa au Loliondo.

Na Tanzania ndiko wengi wanakoelekea. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977 na haijaufungua tena. Tanzania nayo iliufunga mwaka 1973, lakini ikaufungua mwaka 1978, na leo msimu wake huanza Julai 1. Uhusiano wa Falme za Kiarabu na vitalu vya Tanzania ni wa miaka mingi: kampuni inayojulikana kwa herufi OBC ilipewa kitalu cha Loliondo mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya wageni wa kifalme kutoka huko, na mgogoro wa ardhi kati ya serikali na Wamasai wa eneo hilo haujatoka vinywani mwa watu tangu wakati huo. Mgogoro huo unastahili makala yake. Hapa kinachozungumzwa ni kile kinachoingia kwenye magazini ya bunduki.

Majina ya risasi huwachanganya wageni kwa kuwa hayakutungwa kwa kanuni moja. Namba inayoanza na nukta, kama .375 au .416, ni kipenyo cha kichwa au cha mtutu kwa inchi. Wajerumani hutumia milimita na kuongeza urefu wa ganda, kwa hiyo 9.3x62 ina kichwa cha kipenyo cha milimita 9.3 na ganda la urefu wa milimita 62. Katika .30-06 namba ya pili ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea. Mara nyingine hufuata jina la aliyeibuni au kiwanda chake: Rigby, Jeffery, Holland & Holland, Winchester. Uzito wa kichwa huandikwa kwa greini, kipimo cha kale kinachotumika hadi leo kwenye maboksi ya risasi. Greini 300 ni gramu 19.4.

Wanaoanza huuliza swali moja: ipi ina nguvu zaidi? Swali hilo linapotosha. Nguvu inayoandikwa kwenye boksi hupatikana kwa kuzidisha uzito wa kichwa kwa mwendo wake, na kwa mwendo huohuo tena, kisha kugawa kwa mbili, kwa hiyo mwendo una uzito mkubwa mno katika hesabu hiyo. Risasi ya .300 Winchester Magnum, iliyotoka mwaka 1963, hurusha kichwa cha gramu 11.7 kwa mita 900 kwa sekunde na kupata jouli 4,700. Kwa hesabu ya karatasi haiko mbali na .375. Lakini ikigonga mfupa wa bega la nyati kwa mwendo huo, kichwa chepesi kinaweza kupasuka na kuishia juu juu, kikiacha jeraha baya lisiloua. Kinachoua mnyama mkubwa ni tundu linalofika kwenye moyo, mapafu au ubongo, na linalofika huko hata pale ambapo mnyama hakusimama vizuri.

Uwezo wa kupenya hutegemea urefu wa kichwa ukilinganisha na unene wake, ugumu wake, na uzito wake. Msumari mrefu hupita mbao ambayo kokoto ya uzito uleule haiwezi hata kuikwaruza. Mpiga shabaha aliyezoea uwanda mpana wa jangwani, ambako shabaha iko mita 300 na hakuna hata kichaka katikati, huvutiwa na risasi za kasi kwa kuwa kichwa chake hakishuki sana njiani. Katika miombo ya Tanzania faida hiyo haina kazi. Nyati wengi hupigwa kwa umbali wa kati ya mita 30 na 100, mara nyingi kwenye majani marefu au vichaka vya miiba, na mnyama huonekana bega tu au sehemu ya shingo. Tabia ya jangwani ndiyo ya kwanza kuachwa uwanja wa ndege.

Historia ya Afrika Mashariki ina mifano ya pande zote mbili za mjadala wa risasi kubwa na ndogo. Wawindaji wa Kimakua na watu wa misafara ya pembe iliyotoka pwani walitumia magobore yaliyoshindiliwa baruti nyeusi na gololi za madini ya risasi, laini, zisizokwenda mbali. Waliwaua tembo wengi mno, lakini kwa kuwasogelea karibu sana na kwa kufyatua wengi kwa pamoja. Wazungu wa zama hizo walijaribu kutatua udhaifu wa gololi kwa kuongeza ukubwa wake. Frederick Selous, aliyeuawa vitani Beho Beho Januari 1917 katika eneo lililokuja kuitwa kwa jina lake, alipokuwa kijana alibeba gobore ambalo gololi zake nne zilifika ratili moja, kila moja gramu 113. Lilimpiga teke hata yeye mwenyewe akalichukia.

Baruti isiyotoa moshi, iliyoenea miaka ya 1890, ilibadilisha yote. Vichwa vikawa vyembamba na virefu, vikavikwa koti la metali ngumu, na mwendo ukapanda mara mbili. Walter Bell, Mskoti aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya kuwinda Karamoja ya Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa risasi ya milimita 7, ambayo leo watu huiona ni ya swala. Kichwa chake kilikuwa na gramu 11.2 tu. Siri yake ilikuwa kwamba kichwa hicho kilikuwa kirefu na kigumu, na Bell alikuwa amepasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo uko wapi kwa kila pembe ya kutazama. Hakuwa na haraka. Tembo wa wakati wake walikuwa hawajazoea kuwindwa kwa bunduki za namna ile, na akiona pembe ya kulenga si nzuri aliweza kungoja.

Mfano wa upande wa pili ni Tsavo, mwaka 1898, ambako John Patterson aliwawinda simba wawili waliokuwa wakila vibarua wa reli. Bunduki yake kuu ilikuwa ya .303, risasi ya kijeshi ya Waingereza. Simba wa kwanza alikufa Desemba 9 na wa pili Desemba 29, lakini wa pili alipigwa risasi nyingi kabla ya kulala, na kuna wakati Patterson ilimbidi akwee mti. Simba hana ngozi nene wala mifupa ya nyati, ila akija, huja kwa kasi. Wanaomtaja Bell ili kutetea risasi ndogo wangesoma na habari za Patterson.

Sheria za nchi nyingi za Afrika zimefunga mjadala huo. Tanzania hairuhusu kaliba chini ya .375 kwa wanyama hatari wakubwa kama tembo na nyati, hata kama mwindaji ana shabaha ya Bell. Bunduki zinazojipakia zenyewe haziruhusiwi, wala kuwinda usiku, wala kufyatua ukiwa garini au ndani ya mita 200 kutoka kwenye gari. Kifungu hicho cha gari kina maana kubwa kwa uchaguzi wa risasi: mwindaji atakuwa amesimama chini, kwa miguu yake, pengine baada ya kutembea saa nne juani. Zimbabwe imekwenda mbele zaidi kwa kutaja nguvu yenyewe, jouli 5,300 na kipenyo kisichopungua milimita 9.2 kwa tembo, nyati na kiboko. Kwa kipimo hicho .300 Magnum imeshindwa kote kuwili.

Kwa wanyama wasio hatari uwanja ni mpana. Swala pala, tohe, ngiri, kongoni na nyamera huangushwa vizuri na .308 Winchester ya mwaka 1952 au .30-06, mradi kichwa kiwe cha greini 165 hadi 180. Pundamilia na nyumbu ni wagumu kufa kuliko umbo lao linavyoonyesha, na hapo .30-06 au .300 Magnum hufaa. Pofu ndiye anayewadanganya watu. Ni mpole, lakini dume lake linaweza kufika kilo 900, uzito wa nyati mkubwa, na kichwa chepesi huweza kupotelea kwenye bega lake. Chui ni hatari, lakini ana kilo 60 au 70 tu. Anayempiga huwa amekaa mahali pa kuvizia, mnyama yuko juu ya chambo mtini, na risasi ya .30 yenye kichwa kinachofunguka haraka ni bora kuliko mzinga.

Baada ya hapo huja .375 Holland & Holland Magnum, iliyotolewa London mwaka 1912, na hakuna risasi nyingine yenye sifa zake zote kwa pamoja. Hurusha kichwa cha greini 300 kwa mita 770 hivi kwa sekunde. Kwa umbali wa mita 200 hupiga mahali pamoja na bunduki za swala, kwa hiyo huweza kutumika kwa tandala upande wa pili wa bonde asubuhi na kwa nyati kichakani jioni. Teke lake ni zito lakini hustahimiliwa na mtu wa kawaida akilizoea. Hupatikana karibu kila mahali panapowindwa Afrika, jambo ambalo mwindaji hulikumbuka pale sanduku lake linapobaki uwanja wa ndege. Ubaya wake ni mmoja: ni kiwango cha chini cha sheria, na kiwango cha chini hakiachi nafasi ya uzembe. Nyati aliyepigwa .375 mahali pabaya haoni tofauti na aliyepigwa .30 mahali pabaya.

Jirani yake wa Kijerumani, 9.3x62, aliyebuniwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905, ana historia ndefu zaidi katika ardhi hii. Walowezi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani waliipenda kwa kuwa iliingia kwenye bunduki ya kawaida ya Mauser bila kubadilisha mengi, na kwa kuwa ilifanya kazi. Ina jouli 4,800 hivi na teke la wastani. Kipenyo chake hakifiki .375, hivyo kwa nyati wa Tanzania kimeandikwa nje ya mstari, ingawa tofauti kati ya vichwa vya risasi hizo mbili ni chini ya robo ya milimita. Sheria haina jicho la huruma kwa robo ya milimita.

Juu ya .375 kuna ngazi ya .40. Risasi ya .404 Jeffery, ya mwanzoni mwa karne ya 20, ndiyo iliyobebwa na idara za wanyamapori za wakoloni, Tanganyika ikiwemo, kwa kazi ya kuwaondoa tembo mashambani. Kichwa cha greini 400, mwendo wa wastani, ganda refu lenye mabega yaliyoinama linaloteleza chembani bila kukwama. Ya .416 Rigby ya mwaka 1911 hurusha kichwa cha uzito huohuo kwa kasi zaidi na kufika jouli 6,800. Wawindaji bingwa wengi, yaani wale wenye leseni ya kuongoza wageni, hukaa katika ngazi hii au iliyo juu yake, kwa kuwa kazi yao ni kumsimamisha mnyama aliyekwisha jeruhiwa na mtu mwingine. Mgeni hana kazi hiyo. Kazi yake ni risasi ya kwanza, ambayo hupigwa kwa utulivu, na ndiyo sababu mgeni kununua bunduki ya mwindaji bingwa ni ghali bila faida.

Ya .458 Winchester Magnum ilitoka mwaka 1956 ili kuwapa watu nguvu za risasi kubwa za Kiingereza katika bunduki ya bei ya kawaida. Ilipokelewa kwa furaha, kisha malalamiko yakaanza. Ganda lake ni fupi, na ili kufikia mwendo ulioahidiwa kiwanda kilishindilia baruti mpaka ikagandamana. Ikikaa miaka kadhaa kwenye joto, baadhi ya risasi ziliungua nusu na kichwa kikatoka kinyonge. Jack Lott, Mmarekani aliyewahi kujeruhiwa na nyati Msumbiji, alirefusha ganda na mwaka 1971 akaja na .458 Lott, yenye karibu jouli 8,000. Baruti za leo zimeondoa sehemu kubwa ya tatizo la ile ya mwanzo, lakini jina halijasafika kabisa.

Kisha kuna bunduki za mitutu miwili, ambazo Waarabu wa Ghuba wenye uwezo huzipenda kama wanavyopenda saa na farasi. Kiwanda cha Merkel cha Suhl, Ujerumani, ambacho huzitengeneza, kilinunuliwa mwaka 2007 na Caracal ya Abu Dhabi, na katika maonyesho ya uwindaji ya Abu Dhabi yaliyoanza mwaka 2003 silaha za aina hii huwa hazikosi watazamaji. Risasi yake mashuhuri ni .470 Nitro Express ya mwanzoni mwa karne ya 20: kichwa cha greini 500, mita 655 kwa sekunde, jouli 6,900 hivi, na ganda lenye ukingo unaolishika vizuri. Faida yake ni risasi ya pili inayofuata mara moja, bila kuvuta komeo. Hasara yake ni kwamba mitutu miwili hulinganishwa kiwandani kwa risasi ya uzito na mwendo maalumu. Ukibadilisha boksi, mtutu mmoja hupiga kushoto na mwingine kulia. Ni chombo cha mita 50, na kwa mtu anayekwenda porini mara moja kwa miaka mitatu ni urembo kuliko silaha.

Kaliba ikishachaguliwa, bado kuna jambo ambalo pengine lina uzito kuliko kaliba: aina ya kichwa. Vichwa laini vina moyo wa madini ya risasi ndani ya koti la shaba na ncha iliyoachwa wazi. Vikigonga nyama hufunguka na kuwa vipana, vikikata tundu kubwa. Vichwa vigumu havifunguki, hupita moja kwa moja. Kwa tembo ni vigumu tu, kwa sababu fuvu lake ni mfupa mnene wenye vishimo vingi vya hewa, na ubongo uko ndani sana. Kwa nyati desturi nzuri ni risasi ya kwanza laini, ili isitoboe na kumjeruhi mwingine aliyesimama nyuma yake katika kundi, na zinazofuata ngumu, kwa sababu mnyama akigeuka kukimbia, kichwa kitalazimika kupita tumbo lililojaa majani mabichi kabla ya kufika kifuani.

Laini nazo hazifanani. Za zamani zilipasuka. Mwaka 1948 John Nosler, Mmarekani, alianza kuuza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, ambapo nusu ya mbele hufunguka na nusu ya nyuma hubaki nzima ikiendelea kusukuma. Miaka ya 1980 kampuni ya Barnes ikaleta kichwa cha shaba tupu kisicho na madini ya risasi kabisa. Hufunguka kama majani manne na kubaki na karibu uzito wake wote. Vichwa vya shaba vina faida nyingine isiyomhusu mwindaji peke yake: tai na fisi wanaokula matumbo yaliyoachwa porini hawamezi vipande vya sumu. Tai wa Afrika Mashariki wamepungua vya kutosha kwa sumu za wafugaji na majangili. Boksi la .375 lililojaa vichwa vya bei rahisi ni risasi mbaya kuliko .30-06 yenye vichwa bora, na mtu aliyelipia ada ya kitalu, ndege na kambi hana sababu ya kubana hapo.

Joto ni somo ambalo mtu wa Dubai angelijua bila kufundishwa, lakini hulisahau. Baruti iliyopata joto huungua kwa kasi zaidi, shinikizo ndani ya chemba hupanda, ganda la shaba huvimba na kung'ang'ania kuta. Komeo likigoma kufunguka wakati nyati anakuja, bunduki ni rungu. Waingereza walilijua hilo walipotengeneza risasi za India na Afrika, ndiyo maana maganda yao mengi ni makubwa kuliko baruti iliyomo: .470 hufanya kazi kwa shinikizo la juu la baa 2,700, .416 Rigby kwa 3,250, wakati .375 na .300 Magnum hufika 4,300. Baruti mpya hazibabaiki sana na joto, lakini si zote. Boksi lililoachwa kwenye gari lililoegeshwa juani Al Quoz huko Dubai mwezi wa Agosti limepikwa. Risasi za safari hukaa chumbani, na kambini hukaa kivulini, si juu ya dashibodi.

Teke la bunduki ndilo linaloamua mwisho wa yote, na watu wazima huona aibu kulizungumza. Kwa bunduki za uzito wa kawaida, teke la .375 ni karibu mara mbili ya lile la .308, na la .458 ni zaidi ya mara tatu. Mwili hulikumbuka. Baada ya risasi chache jicho huanza kufumba kabla ya kidole kuvuta, bega hujivuta nyuma, na kichwa cha risasi huenda kinakotaka. Hakuna dawa ila kuzoea taratibu: kuanza na saktoni kwa kidole na pumzi, kupanda hadi .308, kisha .375 kwa risasi sita au nane kwa siku moja na si zaidi, ukisimama au ukiegemea fimbo tatu za kuegemezea, kama itakavyokuwa porini. Kupiga ukiwa umekaa mezani huonyesha bunduki inalenga wapi, basi. Masikio yafunikwe. Kwa mtu ambaye mwisho wa mazoezi bado anaiogopa .416, jibu ni kurudi .375 bila kuona haya. Wawindaji bingwa hawapendi kitu kama mgeni mwenye bunduki kubwa anayoiogopa.

Na kulenga wapi? Nyati akisimama ubavu, moyo na mapafu yake yako chini kuliko watu wanavyodhani: theluthi ya chini ya kifua, sambamba na mguu wa mbele. Nundu iliyo juu ya mabega huvuta jicho juu, na wengi hupiga juu. Darubini ya kuongeza mara moja hadi nne au sita inatosha. Zile kubwa za mashindano ya mbali huonyesha manyoya tu mnyama akiwa mita 40.

Safari yenyewe ina kanuni zake. Ndege kati ya Dubai na Dar es Salaam huchukua karibu saa tano na nusu, lakini vibali huanza miezi kabla: cha mamlaka za Dubai kuitoa silaha na kuirudisha, na cha polisi wa Tanzania kuiingiza kwa muda. Bunduki hufungwa tupu kwenye kasha lenye kufuli, na risasi huwekwa mbali nayo katika mizigo ya chini. Kanuni ya kimataifa ya ndege inampa abiria mmoja kilo 5 za risasi pamoja na boksi lake, na haziwezi kuunganishwa na za mwenzake. Risasi moja ya .375 ina gramu 45 hivi, kwa hiyo kilo 5 ni karibu risasi 100, nyingi kuliko anazohitaji mtu kwa wiki tatu; za .458 Lott ni chache zaidi. Anayebeba bunduki mbili hugawanya kilo hizohizo. Wa kurudi na nyara nao wana mpaka: tangu Mei 15, 2015, kitengo cha mizigo cha Emirates hakipokei nyara za tembo, faru, simba wala chui milia, hata zikiwa na karatasi zote.

Kwa mtu wa Dubai anayekwenda Tanzania mara ya kwanza na bunduki moja, hukumu si ngumu: .375 Holland & Holland, kichwa cha greini 300, theluthi mbili laini za daraja la juu na theluthi moja ngumu, zote za kiwanda kimoja na zimejaribiwa katika bunduki ileile. Mwenye nafasi ya bunduki ya pili abebe .30-06 kwa swala. Mengine ni ya wenye uzoefu au wenye makabati ya kupamba. Ada za mnyama nazo zikumbukwe kabla ya kuvuta kidole kwa pupa: Tanzania, mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kuwa ameuawa, na mwindaji hulipa ada yake yote.